Dorca na Kikombe Mbele ya Kamera

Absalom alijifunza kazi yake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa mjomba wake, katika studio iliyokuwa nyuma ya stendi ya mabasi ya Kisumu, ambako mteja aliketi mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na kuamriwa asipepese macho. Mara ya pili ilikuwa katika mtaa wa Kondele, mwishoni mwa miaka ya themanini, alipoajiriwa katika ukumbi wa video kuweka kanda na kuwanyamazisha waliokuja wamelewa. Nilisoma naye shule ya msingi. Mimi niliendelea hadi chuo kikuu, na kwa sababu hiyo watu hudhani naweza kueleza maisha yake vizuri kuliko yeye mwenyewe. Sina hakika hata kidogo. Ninachoandika hapa ni yale aliyonisimulia, na sehemu chache nilizoziona.

Filamu za kutisha ndizo zilizojaza benchi za ukumbi ule. Mazimwi yenyewe hayakumsisimua Absalom. Alipenda mwanzo wa filamu tu, kabla mtu yeyote hajadhurika.

"Omera, ndugu yangu, tazama vizuri," alinishika mkono siku moja tukiwa gizani. "Nyumba inaonyeshwa kutoka mbali, kupitia majani. Hakuna mtu amesema kitu. Lakini wewe unajua kuna macho kwa hayo majani, na hayo macho ni yako."

Kisha kamera husogea taratibu, ikiwa chini, kama anayenyemelea. Kisha huja mlango ulioachwa nusu wazi. Kisha kitu kidogo cha kawaida, bomba linalodondoka au mkono usio na mwenyewe, ambacho hukaa machoni petu muda mrefu kuliko kinavyostahili. "Ukionyesha uso mapema umeharibu," aliniambia. "Uso unaeleza. Mkono hauelezi, kwa hivyo mtu anajijazia mwenyewe."

Mwaka 1993 shemeji yake alirudi kutoka ng'ambo na kamera ya video, na Absalom akaanza kupiga harusi na matanga. Mwaka huohuo Ogola, mchuuzi wa samaki katika ufuo wa Dunga, alifariki ghafla. Wanawe walikuwa nchi za mbali na hawakuweza kuja kuzika, kwa hiyo kaka yake mkubwa, Mzee Dalmas, alimwita Absalom awatengenezee kanda.

Absalom alifika alfajiri, mwili ukiwa bado mochari. Alitaka wana wale, watakapoitazama kanda ugenini, wauhisi upweke wa boma la baba yao kabla ya kuona jeneza. Nia yake ilikuwa njema, na njia pekee aliyoijua ya kumfanya mtazamaji ahisi kitu ilikuwa ile ya Kondele. Alisimama nyuma ya ua wa michongoma akaipiga picha nyumba kupitia majani. Akasogea akiwa ameinama. Mlango ulikuwa nusu wazi. Ndani, katika giza, mkono wa mwanamke ulikuwa unaosha kikombe, ukikizungusha, ukikisuuza, ukikirudia. Ulikuwa mkono wa Dorca, mjane wa Ogola. Waombolezaji walikuwa wengi na vikombe vichache. Absalom aliukaribia mkono ule, akakaa nao, wala hakuonyesha uso. Baadaye, akiunganisha kanda, aliondoa sauti yote mpaka pale kwaya ilipoanza kuimba.

Kanda ilitazamwa sebuleni kwa Mzee Dalmas Jumapili moja baada ya kanisa, televisheni ikitumia betri ya gari na mapazia yakiwa yamefungwa ili picha ionekane. Dorca hakuwapo. Kwa desturi yetu, mjane ambaye hajamaliza taratibu za maombolezo haingii nyumba za watu wengine.

"Wewe Absalom, hii ni matanga ama sinema?" mtu mmoja alitania, na watu wakacheka.

Kicheko kiliisha mlango ulipotokea. Mkono ulipoanza kukisuuza kikombe kwa mara nyingine, Lornah, mke wa Mzee Dalmas, alisogeza kiti chake mbele.

"Anaosha nini huyo?"

"Kikombe," alijibu jirani yake.

"Kikombe naona. Nauliza cha nani. Mwili haujafika nyumbani, mtu tayari anaosha kikombe hivyo?"

"Mama, ni kikombe tu," Absalom alisema.

"Kama ni kikombe tu, kwa nini wewe ulijificha kwa majani ukimpiga picha?"

Ni kweli Absalom alikuwa amejificha, na hakujua angeelezaje kwamba alijificha bila kuwa na cha kuvizia.

Kabla ya juma kwisha ilinong'onwa Dunga kwamba Dorca alimwekea mumewe sumu katika kikombe kile. Taratibu za maombolezo zilipokwisha, Dorca alirudi Dunga kukaanga samaki, kazi aliyokuwa akiifanya kabla hata ya kuolewa. Wateja walimsalimu kwa heshima, wakapita, wakanunua kwa wengine. Mtu aliyesemwa kwa sumu hahitaji kufukuzwa sokoni. Chakula chake huachwa tu. Alipoelezwa sababu, alifunga safari hadi studio.

"Nyathina," alimwambia Absalom, kama mama anayemwita mwanawe, "mimi sijui mambo ya kamera. Lakini samaki wangu jioni narudi nao nyumbani. Uliona nini kwangu?"

"Hakuna kitu niliona, Mama. Ni namna tu ya kuanza."

"Basi toa hiyo namna yako."

Aliitoa. Alitengeneza kanda nyingine iliyoanza na kwaya, akampelekea Mzee Dalmas na kuichukua ile ya kwanza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Kumbe watu wangeweza kusahau mkono, lakini mkono uliofichwa hawangeusahau. "Imekatwa," walisema pale ufuoni. "Amemwendea mpiga picha mwenyewe, ikakatwa." Absalom aliniambia kwamba wiki hizo alikuwa akipita barabara za nyuma ili asikutane na mtu wa Dunga.

Mwishowe alimwendea Mzee Dalmas, akazungumza naye faraghani, akapewa ruhusa ya kumpiga picha mkewe kwa siri. Asubuhi moja alijibanza nyuma ya ua wa mzee huyo na kumpiga picha Lornah akiwa jikoni kwake: nyumba kupitia majani, hatua za kunyemelea, mlango nusu wazi, kisha mkono unaokoroga chai katika sufuria. Kuku alilia nje, na Lornah akageuka nusu, kama mtu aliyeshtushwa. Jumapili iliyofuata watu walewale waliitwa sebuleni ileile. Absalom aliwaonyesha bila sauti.

Bibi mmoja aliuliza, "Lornah, hapo umeweka nini?"

"Majani ya chai. Ningeweka nini?"

"Mimi nauliza tu. Hiyo chai si ndiyo tulikunywa?"

Watu walicheka sana, isipokuwa Lornah. Alijitazama hadi alipogeuka nusu kule kwenye kioo cha televisheni, akasema, "Zima."

"Mama, wewe hukufanya kitu," Absalom alisema akiwa bado amesimama kando ya televisheni. "Na yeye hakufanya kitu. Ni mimi nilifanya."

"Na ukaona dawa ni kunifanya mimi pia?" Lornah alimjibu. Hakupaza sauti.

Kesho yake Mzee Dalmas aliwaongoza jamaa zake hadi Dunga. Lornah alikuwa nyuma yao, kanga ameishusha hadi karibu na macho. Walikaa kwenye benchi za Dorca, wakaagiza samaki aina ya ngege na ugali, wakala mbele ya ufuo mzima. Absalom naye alikuwapo, kwa kuwa mzee alisisitiza. Dorca alimletea yeye sahani ya kwanza, samaki mkubwa kuliko wote.

Hapa ndipo Absalom husita kila anaponisimulia. Alikuwa ameutazama mkono ule mara nyingi mno alipokuwa akiunganisha kanda, akiurudisha nyuma na kuupeleka mbele, akiutafutia mahali pa kuukata. Sasa mkono uleule ulikuwa umemwekea chakula, naye akajikuta hawezi kukigusa. Aliyejua kuliko watu wote kwamba mkono ule haukutia kitu alikuwa yeye. Hata hivyo vidole vyake vilibaki pembeni mwa sahani.

Dorca aliona. Aliinama, akamega kipande cha samaki kutoka kwenye sahani ya Absalom, akakila akimtazama, akameza, kisha akaenda kuwahudumia wengine.

Absalom alimla yule samaki hadi mifupa. Anasema hakuweza kuinua uso mpaka alipofika barabarani. Wateja walianza kurudi siku ileile, na Dorca aliendelea na biashara yake kwa miaka mingi. Absalom alimkwepa muda wote huo, ingawa yeye Dorca, kila walipopishana mjini, ndiye aliyetangulia kumsalimu.