Mkono wa Ugali

Mimi naiga watu. Mwenyekiti wa kitongoji namuiga mpaka mkewe anaitika "abee". Muuza samaki wa kule Kitangari, jirani yangu mwenye pua iliyoziba, wote ninao humu kooni. Mmoja tu alikataa kuja, binti yangu, tangu tulipomzika mwaka jana. Nikichuma kisamvu najaribu, inatoka sauti yangu tu ya kizee.

Jiko la gesi aliniletea yeye kutoka Masasi, alikoolewa. "Mama, moshi utakumaliza macho." Akanifundisha kulifunga mpira wa gesi. Mimi sikusoma, kulia na kushoto vinanichanganya, akanitafutia njia yangu: mkono wa ugali unakaza, mkono wa chooni unalegeza.

Mwezi uliopita jiko likaliwa na kutu, moto ukawa unatokea chini. Nikampigia mkwe wangu. Jumamosi akashuka kwenye basi na jipya ndani ya boksi, shikamoo, marahaba, akaliweka mlangoni. Yeye akakaa kwenye kiti barazani, kaupa mlango mgongo. Kwetu sisi mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake.

Mdogo wangu alishaniambia, kwa ile sauti yake ya kama anatafuna karanga: "Dada, arobaini ilishapita, huyo si mkwe tena. Mwache aingie afunge, yameisha hayo." Yameisha. Akiingia humu akashika sufuria zangu kama mtu yeyote, basi binti yangu hakuolewa, na hakuwahi kuwapo. Nikasema nitafunga mwenyewe.

Mkwe anaongea kama anasoma barua. Akawa ananielekeza huko huko nje.

"Mama, mtungi umefunga?"

"Nimefunga, baba."

"Chomoa mpira kwenye la zamani. Uchomeke kwenye jipya, uvishe klipu, halafu kaza na bisibisi kulia."

"Kulia nimelia mwaka mzima, baba. Nipe kazi nyingine."

Nikamsikia anacheka puani.

"Upande wa kulia, mama."

Nikazungusha. Klipu ikaanguka. Nikaiokota, nikaivisha, nikazungusha, ikaanguka tena, safari hii ikaingia chini ya kinu.

"Mama," akasema, taratibu, "niingie?"

Sikuogopa gesi. Niliogopa hilo neno. Nikaivisha klipu mara ya tatu, na mdomo ukafunguka wenyewe:

"Mama na wewe, mkono wa ugali huo. Taratibu, hunyongi kuku."

Ilikuwa sauti yake, binti yangu. Na ule mkwaruzo wa mwishoni, na kicheko kilichojificha ndani. Mkono ukazunguka, klipu ikabana.

Nje kiti kikaanguka. Nikaona viatu vyake kizingitini, vina vumbi jekundu.

"Nani amesema?"

"Mimi, baba."

"Rudia, mama."

Nikajaribu. Ikatoka ya kizee. Nikajaribu tena, ikatoka kikohozi. Vile viatu vilibaki pale pale, ncha zimegusa kizingiti, na mimi nimeshika bisibisi, sijui nimwambie nini mtoto wa watu. Nami nilitaka kuisikia kama yeye.

"Rudi ukakae, mkwe wangu," nikasema. "Chai nitakuletea huko huko."

Akasimama kidogo, halafu akarudi. Nikamsikia anainua kiti.

Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira kama binti yangu alivyonionyesha, nikafungua mtungi. Povu halikuvimba, gesi haivuji. Nikawasha, ukatoka moto wa buluu. Chai nikampelekea barazani, akapokea kwa mikono miwili, macho chini, kama siku ile alipokuja kuposa.

"Linawaka vizuri, mama?"

"Linawaka."

Nikarudi ndani, nikakaa kwenye kigoda. Yeye nje, mimi ndani. Chai yake ilipoa. Tulikuwa tunasikiliza.