Debe Lililokuwa Mbele ya Rauta

Nilimwita jirani yetu wa mtaa wa Hamugembe, Mama Zuhura, mwizi wa intaneti. Mdogo wangu alikuwa akiomba chuo, maombi yanafungwa saa kumi, na tovuti haifunguki kwenye kompyuta ya nyumbani. Nilibadili nywila, nikazima na kuwasha rauta. Nilitilia shaka kila mtu isipokuwa mimi, msomi mwenyewe.

Mama Zuhura akaja na simu yake. "Ikague, mwanangu."

Mtandao wetu haukuwemo kati ya ile aliyowahi kujiunga nayo.

Mama yangu alikwenda kabatini, akaondoa debe la bati lililoiziba rauta. Tovuti ikafunguka, mdogo wangu akatuma maombi. Mama akafunua debe: senene wangu, wale panzi wa kukaanga, niliowaficha hapo ili wageni wasiwaone.

"Haya," akaniambia, "mkaribishe mgeni."