Beringi Zilizoanikwa na Sahani

Kila ninaposikia harufu ya grisi nakumbuka ujinga wangu, kwa hiyo bora niutaje mwenyewe: niliosha beringi mpya za pikipiki kwa sabuni na mchanga, nikazianika kwenye kichanja pamoja na sahani. Nilikuwa na miaka kumi, nyumbani kwetu Majengo, na nilijiona msafi kuliko mtaa mzima.

Siku hizo serikali ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusu biashara huria, na maduka ya Songea yaliyozoea kuonyesha rafu tupu yalianza kujaa vitu. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na pikipiki kuukuu ya Kiingereza iliyokwisha beringi za usukani; akishika breki shingo ya pikipiki inagonga, akikimbia usukani wote unatetemeka. Mama alikuwa kijijini kwao Maposeni wiki ya tatu, akiwasaidia wazazi wake kuvuna mahindi, na alikuwa ameondoka na neno lake: "Mimi sipandi tena kitu kinachotikisa kichwa kama mbuzi aliyekataa kamba. Kitengeneze, ndipo uje kunichukua." Baba akamtumia salamu kwamba atafika Jumapili. Wiki hizo tatu jiko lilikuwa langu. Nilihamisha chumvi, nikapanga sufuria nilivyotaka, na baba alikula ugali wangu wenye mabonge akisema haujambo.

Beringi alizipata Jumamosi asubuhi, zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, akaziweka kwenye kigoda changu cha jikoni. Akafungua gurudumu la mbele na shokapu, akazing'oa za zamani kwa kugonga nondo taratibu, upande huu na huu, uani kwenye baridi ya Juni. Alipoziomba zile mpya nilimletea kwenye sahani, zinang'aa.

"Umeziosha?"

"Zilikuwa na mafuta, baba."

Akaizungusha moja karibu na sikio. Ilisaga kama meno yaliyokutana na jiwe kwenye wali. "Basi ungezipiga na pasi kabisa," akasema.

Alizisuuza kwa mafuta ya taa, akazijaza grisi, akazigonga ndani ya shingo mpaka mlio ukabadilika, ukawa mzito. Pikipiki ikiinuliwa juu ya kreti, usukani usio na kasoro ukiusukuma kidogo unaanguka wenyewe hadi mwisho. Wetu ulikwama katikati. Akausukuma tena, ukakwama tena. Akaanza kukusanya spana bila kunitazama, na dukani hazikuwapo beringi nyingine.

Jumapili mama alimngoja baba na kitenge chake cha kwendea misa mpaka jua likazama. Wiki iliyofuata alikuja juu ya lori la mahindi, akapitiliza hadi jikoni. "Nani kahamisha chumvi?"

Leo vijana wa bodaboda hapo kona wanabadilisha beringi kabla mteja hajamaliza chai, na mke akichelewa kufuatwa anapiga simu. Mimi bado niko nyumba ileile. Safari zangu nyingi huishia sokoni. Chumvi iko pale mama alipoirudisha. Juzi nilimsimulia kisa hiki Mama Eda, jirani yetu tangu enzi hizo, nikamalizia kama kawaida yangu kwamba kilichoniponza ni usafi kupita kiasi. Aliendelea kuchambua maharage, akasema:

"Acha kusingizia usafi, mwanangu. Jiko ulikuwa hutaki kumrudishia mama yako."