Shikamoo Isiyoitikiwa

Juzi kwenye foleni ya posta ya Kilosa, mbele yangu alisimama mama wa shamba la mkonge, ameshika barua iliyofungwa kwa uzi wa katani. Baharia mmoja, aliyetumikia manowari za Waingereza vitani, akaja kusimama nyuma yangu.

“Shikamoo, mama,” nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu.”

“Rada nayo ni hivyo,” baharia akaniambia, macho yakielea mbali. “Inatoa shikamoo angani, chuma kinaitikia, unajua kilipo.”

“Kisipoitikia?” nikauliza.

“Kimevikwa kitu cha kuimeza shikamoo hiyo. Mpira wenye unga wa chuma, au karatasi za masizi, tabaka kwa tabaka. Wajerumani walivika hivyo mabomba ya kupumulia ya nyambizi zao, ndege zetu zisiyaone.”

Mama akageuka. “Mwanangu alikwenda Burma. Vita vimekwisha, barua ya tano hii, haitikii. Naye kavikwa?”

Baharia akavua kofia, akaikunjakunja.

Mama akaisukuma barua dirishani. “Pengine hanisikii,” akamwambia karani. “Hii nimesema iandikwe kwa herufi kubwa.”