Sindano na Kitana

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni fundi cherehani. Kama umewahi kuona mtoto wa mtaani kwetu kavaa sare iliyomkaa sawasawa mabegani, basi ni mkono wake. Hasemi sana. Msemaji wa familia ni mimi, na haya nayasema kwa sababu nimechoka kuyameza.

Dukani kwake kuna cherehani mbili, meza ya kukatia na chumba cha nyuma cha kuwekea majora ya vitambaa. Mlango wa pili ni saluni, na msusi wa pale ni rafiki yake tangu wakiwa wasichana, chanda na pete. Msusi anapiga gitaa, wifi anatunga maneno, na wote wawili wanaimba. Wakajiita Sindano na Kitana. Mama yangu aliposikia hivyo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mtu mzima, mama wa watoto watatu, eti mwanamuziki! Si bora ashone vifungo vya watu?"

Wifi anaishi nyumba moja na mama, kwa hiyo maneno hayo alikuwa akilishwa asubuhi na jioni. Alitaka kitu kimoja tu: albamu itoke, sauti yake isikike redioni, na mama akome.

Walirekodi kila Jumapili mchana katika chumba kile cha nyuma, wakati jirani anayechomelea vyuma amefunga. Walitundika makoti na mapazia ya wateja ukuta mzima ili sauti isiwarudie, dirisha wakaliziba kwa majora. Maiki ilikuwa moja. Wakasimama wakitazamana, karibu pua kwa pua, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Hakuna aliyehesabu mapigo. Wifi alikuwa akiona kidevu cha mwenzake kinapanda, naye anaingia. Siku moja nilikaa juu ya rundo la vitambaa nikiwasikiliza. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo nililia.

Kisha akatokea prodyuza mmoja, mwenye studio ya zulia na kiyoyozi. Akasikiliza nyimbo zote, akatikisa kichwa.

"Nyimbo nzuri, ila sauti zimegandana. Nikiinua ya huyu, ya yule inapanda nayo. Njooni, kila mtu aimbe peke yake."

Wifi hakutaka. "Peke yangu nitajuaje pa kuingilia?"

"Dada, usituangushe sasa," msusi akambembeleza. "Tumebakiza kidogo tu."

Wifi ni mtu ambaye ukimwomba sindano anakupa na uzi. Akaenda. Akaimba albamu nzima akiutazama ukuta. Kwenye wimbo wa tatu alichelewa kuingia, maana hapakuwa na kidevu cha kutazama. Akaomba arudie. Prodyuza akamwambia aache, inapendeza hivyo hivyo. Ile maiki moja ndiyo iliyokuwa ikimlinda, naye hakujua. Wala mimi sikujua.

Baada ya muda msusi akaja dukani na kitambaa cha kumeremeta, anataka magauni mawili ya uzinduzi. Nilikuwepo, nakunja nguo. Nyuma yake akaingia binti mwembamba, mrembo, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Mpime huyu," msusi akasema, macho yakiwa sakafuni. "Gauni la pili ni lake."

Wifi alidhani ni mcheza dansi. Akachukua futi, akaizungusha kiunoni. Binti naye, kwa kuchoka kusimama, akaanza kuimba chini chini. Ulikuwa wimbo wa tatu. Alipofika mahali pale, akachelewa kuingia. Kuchelewa kule kule. Alikuwa amefundishwa kwa sauti ya wifi, ile safi iliyorekodiwa peke yake, hata kosa akalibeba.

Futi ikasimama. Wifi akamgeukia msusi.

"Sauti yangu iko wapi?"

"Dada, si mimi. Imetolewa, huyu kaimba mahali pako. Prodyuza anasema albamu ya kwanza watu wanainunua kwa macho. Lazima iwe na sura."

"Na ile tuliyoimba hapa nyuma?"

"Ile haifai. Tumegandana mno."

Hapo nikalipuka. Nilimuuliza msusi hiyo Sindano yake mpya kama inajua hata kutunga uzi, na mengine niliyosema hayaandikiki. Wifi akaninyamazisha kwa mkono.

"Inua mikono," akamwambia binti, akaendelea kupima.

Mpaka leo jambo hilo linaniudhi. Ningekuwa mimi, gauni lile lingefumuka jukwaani mbele za watu. Yeye alilishona likakaa kama ngozi. Nyumbani hakumwambia mtu, na mimi akanikataza.

Albamu ikatoka. Tulikuwa jikoni, wifi anaosha vyombo, mimi namenya vitunguu, mama yuko kwenye kiti chake karibu na redio. Mtangazaji akataja Sindano na Kitana na albamu yao ya kwanza. Mama akaongeza sauti, akatufokea tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akisema neno. Akasikiliza wimbo mpaka mwisho, akigonga goti kwa kidole. Wifi alikuwa amesimama na sahani mkononi, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mama akafuta macho. "Mwanangu, nisamehe," akasema. Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akimwita mwanangu. "Nilikuwa nakudharau bure. Kumbe ukipata studio ya maana unaimba vizuri hivi! Si zile kelele zako za hapa nyumbani."

Nikafungua mdomo. Wifi akanikata jicho nikaufunga.

"Asante, mama," akasema, akaigeukia ile sahani, akaiosha tena.