Severina na Pumzi ya Mama Yake

Kwetu Mnyambe mtoto ni wa mjomba wake. Baba ni mgeni aliyekaribishwa. Kwa hiyo Severina, binti wa dada yangu Agatha, alipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu India, aliyepata nafasi hasa ni mimi, Ladislaus, niliyeishia darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wamebakiwa na machache ya kunifundisha. Masomo yenyewe yaliitwa uhandisi wa vifaa tiba na sayansi ya mazingira. Nililikariri jina lote, nikawa nalitaja hata mtu akiniuliza habari za mihogo.

"Sasa huo ni uhandisi wa nini?" aliniuliza jirani yangu Mahmudu.

"Kutengeneza mashine za hospitali, na kujua hewa na maji vinawaumizaje watu."

"Yaani anasoma ugonjwa na dawa pamoja? Kichwa kimoja kitatosha?"

"Kichwa kimoja ni chako, Mahmudu. Ukoo wetu tumepewa akiba."

Agatha hakujisifu. Alikuwa anahema. Tangu usichana pumu ilikuwa ikimtembelea na kuondoka, lakini miaka ile ilikuja na mkeka wake, ikakaa. Zamani akishuka bondeni kuchota maji aliwaongoza wenzake kwa nyimbo. Sasa alipanda mlima kimya, akisimama njiani kama anayemsubiri mtu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ghala la ushirika pale kijijini lilifungwa, popo wakalirithi. Kila mwenye mikorosho akajinunulia salfa yake kwa wachuuzi, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho alfajiri ili ugonjwa wa ubwiri unga usiyaunguze maua. Salfa ikawa inaibwa kuliko kuku. Ukiiacha jikoni, asubuhi unakuta nyayo. Ndipo ukazuka utaratibu wa kila nyumba: magunia chini ya kitanda, mwenyewe juu, komeo mlangoni. Mwizi akiyataka, akubebe na wewe.

Severina alikuja likizo akiwa mwaka wa tatu, mwezi wa Julai, salfa ikiwa imepamba moto. Chuo kilimtaka achague ugonjwa mmoja wa kwao na kuuchunguza pamoja na hewa ya mahali.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mhandisi. Umeniletea nini?"

Alikuwa na bomba dogo la plastiki lenye mshale ubavuni. Unapuliza, mshale unapanda kadiri ya nguvu ya pumzi yako.

"Lete hapa. Mimi shuleni nilikuwa mpiga baragumu."

Nikapuliza. Mshale ukasogea kidogo, mimi nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

"Baragumu gani hilo, Mjomba?"

"La mkoloni. Lilikuwa na pumzi zake lenyewe."

Agatha akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akapuliza yeye. Severina hakucheka tena. Alilisimamisha bomba ukutani, karibu na mlango, akachukua mkaa akachora mstari pale mshale ulipoishia. Ikawa hivyo kila asubuhi na kila jioni. Mistari ikawa inashuka.

Katikati ya hayo mama yetu mdogo akafariki Kitangari. Tulimsihi Agatha abaki, akakataa. Msiba haukaliwi kwa kutuma mtu. Akaenda na binti yake, wakalala chini kwenye mikeka pamoja na wanawake wengine mpaka matanga yakaisha. Severina alimpulizisha mama yake nyuma ya nyumba, watu wasije wakadhani ni uganga. Na mshale ukapanda! Kwenye nyumba ya msiba, moshi wa vyungu vikubwa, kilio, usingizi wa kubahatisha, dada yangu alipumua vizuri kuliko nyumbani kwake.

"Labda marehemu amemwombea," nikasema waliporudi.

"Mjomba, kule alilala juu ya mkeka. Hapa analala juu ya nini?"

"Kitanda. Cha mninga, nilimnunulia mimi."

"Na chini ya kitanda?"

Nikainama, nikayaona magunia. Severina akalivuta shuka la mama yake, akalikung'uta dirishani penye jua. Vumbi la njano likaelea hewani, likachelewa kutua.

"Mama, magunia yatoke leo."

"Yaende wapi?"

"Popote."

"Popote ndiko wezi wanakoishi," Agatha akasema taratibu, akipumzika kati ya maneno. "Salfa ndiyo korosho, mwanangu. Korosho ndiyo India. Yakiibwa hayo, utamalizia kusoma kwa kitu gani?"

"Nasoma ili watu wapumue. Sitaki kusoma kwa pumzi yako."

"Basi maliza upesi."

Severina akanitazama. Kwetu neno la mwisho ni la mjomba, na nyumba yangu ya bati ilikuwa ya kwanza upande ule. Watu wa kijiji cha Chilangala walikuja kuitazama huku wakisingizia wanapita. Jioni ile nikayahamishia magunia sebuleni kwangu, nikaenda kulala kibanda cha jiko na rungu langu. Mke wangu akanuna msimu mzima. Mahmudu naye akaleta ya kwake, kisha wengine wakafuata.

"Ladislaus," Mahmudu akaniambia, "umejenga ghala zuri. Kasoro kochi tu."

Mistari ya mkaa ikaanza kupanda, kisha ikasimama mahali pamoja. Siku ya kuondoka Severina akanivuta pembeni. "Mapafu hayafufuki yote, Mjomba. Nimechelewa kujua."

Alimaliza chuo, akaajiriwa hospitali ya huku kwetu kutengeneza mashine. Mvua za mwaka wa pili Agatha akalazwa hapo. Kando ya kitanda iliwekwa mashine inayochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya chumba, iliyokuwa imekufa stoo mpaka Severina alipoifufua.

"Hii ndiyo India?" Agatha akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Inakoroma kama Ladislaus."

Hakusema mengi baada ya hapo. Alifariki mchana, mvua ikipiga bati, sisi wawili tumemshika mikono. Severina akamfumba macho, akamtoa mpira wa hewa puani, akaizima mashine. Kisha akafungua ubavu wa mashine, akachomoa sifongo ya kuchujia vumbi, akatia safi.

"Kaa kwanza, mwanangu," nikamwambia.

"Kuna bibi kitanda cha mlangoni, Mjomba. Anahema."

Akaisukuma mashine, mimi nikaubeba waya nyuma yake usije ukanasa. Akafunga mpira mpya, akawasha, akasimama mkono kiunoni mpaka kifua cha yule bibi kilipotulia. Ndipo akarudi, akakaa sakafuni karibu na kitanda cha mama yake, akalia kwa sauti, nami nikamwacha alie.