Picha ya Nane

Watu wakisikia habari hii huniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa. Tena mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kuwacheka wanaosimulia habari za mizimu, kwa hivyo ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho. Haya yalinipata mchana, jua likiwaka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeacha kuchuma chai nikanunua kamera kuukuu, na kazi yangu ilikuwa kutembea. Natoka Kericho alfajiri, nakata mashamba ya chai kwa miguu, nafika Kimulot jioni, na njiani nampiga picha yeyote anayetaka. Kesho yake narudi. Filamu moja ilikuwa na picha nane tu, kwa hiyo nilikuwa mchoyo nazo sana.

Siku hiyo ninayoisimulia, nyumbani nilimwacha mke wangu, Kemunto, na binti yetu Moraa, mtoto wa miezi minne. Sisi watu wa Kisii tulikaa chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi, na jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mama Chebet, Mkipsigis. Usiku Kemunto alikuwa na homa, lakini asubuhi aliamka akanipikia uji. Aliniambia niende tu.

Siku ilianza vizuri. Nilipiga wachumaji wanne, mmoja mmoja, na vikapu vyao mgongoni. Nikampiga nyapara aliyetaka baiskeli yake ionekane kuliko yeye. Nikampiga Mkikuyu mmoja mwenye duka, amewapanga wanawe mlangoni kwa urefu. Kufika saa saba nilikuwa nimepiga sita. Karibu na msitu nikamwona mbega, yule tumbili mweusi mwenye mkia mweupe, amekaa juu ya tawi kama chifu, na kwa upumbavu wangu nikampiga ya saba. Ya nane nilimwekea mzee mmoja wa kanisa huko Kimulot, aliyenisumbua mwezi mzima.

Saa nane ikaja mvua, ile yetu ya mawe. Nilijikunyata chini ya mti, kamera nimeikumbatia ndani ya koti. Ilipokatika, jua likatoka, nikashika njia kati ya michai. Nikasikia mtu anatembea nyuma yangu. Kugeuka, ni Kemunto.

Sikuogopa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikasirika. Mwanamke ana homa, ana mtoto mchanga, halafu anatembea maili zote hizo kunifuata?

"Mama Moraa, mtoto umemwachia nani?"

"Yuko na Mama Chebet. Hana shida."

Nikaona amevaa gauni la manjano nisilolijua, lenye vifungo mbele. Nikaona gauni lenyewe ni kavu. Hakuwa na viatu, na miguu yake haikuwa na hata chembe ya ule udongo mwekundu ambao mimi ulikuwa umenifika magotini. Yote hayo niliyaona, niamini, maana kuona ndiyo ilikuwa kazi yangu. Lakini mtu mwenye hasira huona asifikiri.

"Baba Moraa," akasema, "nipige moja. Mtoto awe nayo."

Unajua nilikuwa sijampiga hata mara moja? Miaka miwili nina kamera, miaka miwili nina mke. Kila mara nilimwambia: wateja kwanza, wewe si uko hapa kila siku?

"Imebaki moja, na ni ya mzee wa Kimulot," nikamwambia. "Rudi nyumbani kabla giza halijaingia. Wewe nitakupiga Jumapili."

Hakubishana. Kemunto hakuwa mtu wa kubishana. Alinitazama kidogo, akageuka, akarudi alikotoka. Michai ile hufika kiunoni tu, hakuna mahali mtu mzima anaweza kujificha, lakini nilipoangalia nyuma mara ya pili hakuwepo. Nikajiambia, kumbe homa imeisha, tazama anavyotembea haraka.

Nikampiga mzee wangu, nikalala Kimulot. Kesho yake nilipofika kambini nilikuta wanaume wamekaa nje ya chumba changu, na mmoja akainuka kunipokea kamera. Kemunto alikuwa amekufa jana yake, saa nne asubuhi. Alikuwa amelazwa kitandani ndani ya gauni la manjano lenye vifungo mbele.

"Ni yangu, ya kanisa," Mama Chebet akaniambia. Alikuwa amembeba Moraa mgongoni. "Sanduku yenu ilikuwa imefungwa na ufunguo ulienda nayo. Ningemwacha na leso ya jikoni?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nililia mpaka wakanitoa mle ndani. Filamu ilikuwa imekwisha, na tulimzika jioni ile ile.

Baadaye nilizisafisha zile picha nane. Mzee wa Kimulot alikuwa ametikisa kichwa, uso wake ukatoka kama moshi. Mbega alitoka vizuri sana, mkia wote. Ninayo mpaka leo picha ya tumbili, na ya mke wangu sina.

Moraa alipokuwa na miaka saba alichokora picha ambazo wateja hawakurudi kuzichukua, akaniletea moja ya mwanamke amesimama kando ya ua. Akaniuliza, "Baba, huyu ndiye Mama?" Wewe ungemjibu nini? Nilisema ndiyo. Leo Moraa ana watoto wake, na picha ile iko ukutani kwake, ndani ya fremu, na wajukuu wangu wanamwita nyanya. Mwenye picha anauza viazi sokoni Kapsoit. Akinipungia mkono, nabadilisha njia.

Nimerudi pale mara nyingi na filamu iliyobakisha picha moja, nikakaa kati ya michai mpaka baridi ikanifukuza. Hajaja tena. Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza: mtu wako akikuomba kitu kidogo, mpe hapo hapo, hata kama ametokea mahali asipopaswa kuwa. Usimpangie siku. Mimi nimezeeka, na sura ya Kemunto imeanza kunipotea. Siku hizi nikifumba macho nimwone, Mungu anisamehe, anayekuja ni yule mama wa viazi.